Vifungo vya Koti la Baba

Studio, chumba cha nyuma
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa kaka,

Shikamoo. U hali gani, na wifi na watoto je? Baridi ya huko imepungua? Mimi mzima, ila mgongo unanisumbua kwa kuinamia skana. Hali ya mama nitaieleza chini, maana nikianza nayo sitaimaliza barua.

Printa uliyotuma imefika. Nilikuwa nimeshazoea kuishi bila hiyo, kama tulivyozoea kuishi bila wewe. Ile picha ya harusi ya binti yako uliyoichapa kuijaribu, ukaiweka ndani ya boksi, imependeza kweli. Lakini kaka, baba hakupiga picha ya rangi hata moja maishani mwake.

Nilikueleza kwa simu mpaka koo likakauka. Picha za nyeusi na nyeupe zinataka printa yenye wino mweusi pamoja na wa kijivu wa aina mbili tatu, ili kivuli kisimeze kivuli. Hii yako ina mweusi mmoja tu, na ikitaka kijivu inachanganya rangi. Sasa chini ya taa baba ana uso wa kijani, nikimsogeza dirishani anageuka zambarau. Marehemu hakuwa na sura hiyo hata siku aliyokufa.

Niliyoitaka mimi ilikuwa hapa mtaani, kwa yule muuza vifaa vya ofisi tunayemwita Karatasi. Ukakataa. Wewe ndiye mkubwa, ulisema, na kazi ya baba haiwezi kuishia kwenye kiduka cha Karatasi. Mama naye, ukishasema wewe, huwa hana la kuongeza. Akaniambia, "Tumsubiri kaka yako." Tukasubiri meli.

Picha aliyoitaka mama unaijua. Baba kasimama mlangoni mwa chumba cha giza alimosafishia picha, kavaa koti jeusi ambalo mama alilishona kwa mkono wake. Ile ya ukutani iliharibiwa na maji, ikabaki negativu, ile filamu yake. Mama alitaka kuiona tena mara moja tu kabla presha ya macho haijamaliza kazi yake. Daktari alisema kinachopotea hakirudi, na hilo pia nilikuambia.

Presha imeitangulia meli yako, kaka. Nina hasira na wewe, na sitaki kukuficha. Nina hasira na mimi pia kwa kukutii.

Juzi niliichapa hivyo hivyo. Koti na mlango vimekuwa giza moja. Mama aliishika kwa mikono miwili, akaigeuzia dirishani, akaisogeza karibu na uso, halafu akapitisha kidole juu yake taratibu.

"Vifungo vinaonekana?" akaniuliza.

"Vinaonekana, mama. Vyote."

Akaniomba niitundike palepale pa zamani. Nimeitundika.

Nisalimie wifi, na watoto waambie shangazi yao anawakumbuka. Mungu akulinde huko uliko, akulindie na macho yako.

Mama anakusalimu sana. Kanituma nikuambie asante, hukukosea kuchagua.

Mdogo wako akupendaye hata kwa hasira hizi.