Siku Tisa Koleta Hakusema

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mwezi wa pili tangu niwe mganga mfawidhi wa kituo cha afya. Kikao cha asubuhi dakika kumi na mbili tu. Hakuna swali, hakuna ubishi. Jovitus wa maabara alichelewa tena, nikamsimamisha mbele ya wote. Nikamwambia wagonjwa hawamngojei yeye amalize chai. Alitazama viatu vyake.

Nilipoanza kazi Biharamulo, bosi akiingia wodini tulinyamaza wote. Na kazi ilikwenda.

Ila nikipita korido siku hizi, maongezi yanakatika.

Jumatano, 5 Machi

Majivu. Wauguzi wamerudi kutoka kanisani na alama kwenye paji la uso. Saa nne pikipiki ikamleta Nimpaye, mama kijana wa Mbuba, uchungu umekaza. Gaudence, mkunga wetu wa siku nyingi, akamzalisha. Mtoto wa kiume. Hakulia.

Nikaita ambu, ule mfuko wa kumpulizia mtoto hewa. Koleta, muuguzi wa zamu, akauleta. Nikabonyeza — hewa inatokea pembeni. Nikabonyeza tena. Mpira umepasuka, na mpasuko umebandikwa plasta!

Gaudence alinisogeza kwa kiwiko. Akaweka gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, juu ya mdomo na pua ya mtoto, akapuliza kwa mdomo wake mwenyewe, pumzi ndogo ndogo. Dakika ya tatu mtoto akakohoa. Wamepelekwa hospitali na gari la wagonjwa, yeye na mama yake. Yuko hai. Atakuaje, hakuna anayejua.

Nimeuliza nani alijua kuhusu ambu. Kimya. Nikapiga meza. Koleta akaanza kukusanya vifaa.

Alhamisi, 6 Machi

Wilayani wanataka maelezo kabla ya Jumatatu, pamoja na jina la mzembe.

Koleta amekuja mwenyewe, macho yamevimba. Alijua tangu tarehe ishirini na nne Februari. Siku tisa. Plasta aliiweka yeye.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Anasema alikuja ofisini mara mbili. Mara ya kwanza alinikuta namfokea Jovitus, akageuka. Mara ya pili, kabla hajafungua mdomo, nilimwambia, "Kama umeniletea tatizo, rudi uje na ufumbuzi." Akaenda kutafuta plasta.

Nimemwambia atoke. Nimeanza kuandika maelezo. Jina lake liko mstari wa pili.

Jumamosi, 8 Machi

Hospitali wanasema mtoto ameanza kunyonya. Mkono mmoja bado mlegevu.

Nimemfuata Gaudence kwake, Nyamiaga. Alikuwa uani anapukuchua maharage. "Shikamoo, mama," nikasema. Alinitazama kwanza, ndipo akaitika marahaba. Akasema hajaisikia kutoka kwangu tangu nipewe cheo. Kweli. Ananizidi miaka kumi na saba.

Nikamuuliza kama Koleta ni mzembe.

"Koleta ni mwoga," akasema. "Lakini hakuja kituoni akiwa mwoga."

Na yeye, angejua kuhusu ambu, angeniambia? Aliendelea kupukuchua. Akasema angefikiria mara mbili. Gaudence, wa miaka thelathini kazini!

Nimerudi kwa miguu. Njia nzima nimeikumbuka Biharamulo. Mwaka wangu wa kwanza nilimchoma mgonjwa sindano isiyo yake. Nikaficha kichupa. Mgonjwa hakudhurika, na bosi hajui mpaka leo. Sijawahi kuliandika hili popote. Kazi ilikwenda — ndivyo ninavyosema kila siku.

Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi, naandika haraka.

Maelezo niliyatuma jana. Nimeandika alichofanya Koleta, na nilichomwambia siku ile, neno kwa neno. Wilayani wamepiga simu: nifike saa nane mchana, mimi mwenyewe.

Kikaoni niliwasomea maelezo yote. Nikasema yeyote mwenye kitu kilichoharibika akiseme, sitamfokea.

Jovitus akasimama. Darubini ina ukungu tangu katikati ya Februari. Makohozi yote aliyopima kifua kikuu tangu hapo, hana uhakika na majibu. Wote wameambiwa hawana ugonjwa.

Damu ilinipanda kichwani. Neno la kwanza lilishafika mdomoni. Nikaona Koleta anaangalia uso wangu, si wa Jovitus. Mikono nikaificha chini ya meza.

Nikauliza ni wangapi. Kumi na wanne. Majina je? Akatoa daftari mfukoni mwa koti: majina, vijiji, namba za simu. Alikuwa ameyaandika yote, mmoja mmoja, wiki tatu.

Sasa tuko ofisini watatu, mimi, Jovitus na Koleta, tunapiga simu. Wa kwanza yuko Mbuba, anakuja. Wa pili hapatikani. Wa tatu ni dereva wa lori, amevuka mpaka wa Rusumo juzi.

Ya wa nne amepokea mkewe. Anasema mume hainuki, tangu jana anakohoa damu. Anauliza ni nani aliyempima.

Jovitus amesikia. Amenyoosha mkono aombe simu.

Nimempa.