Makofi Yaliyochelewa

Neema mjukuu wangu,

Huku ugenini, Bertrams, tu wazima. Mama yako anakusalimu. Nakuandikia nimesimama, maana tangu Jumapili moyo hautulii, kiti hakikaliki. Unauliza kwa nini mwalimu wako wa piano hataki dansi ile ya kizamani uipige sawasawa kama saa.

Nilipokuwa msichana kwetu Bukavu, padri mmoja Mpolandi alitupigia dansi kama hiyo. Aliyeitunga, alisema, aliishi ugenini huku nchi yake ikitawaliwa na wengine. Nikaipigia makofi, kama kanisani. Padri akawa anasita, anakimbia, anasita tena; makofi yangu yakamtangulia. Akacheka: "Wewe unapiga kama mtu aliye kwao."

Sikumwelewa wakati ule. Jumapili iliyopita, kanisani hapa, kwaya yetu ya watu wa kwetu iliimba wimbo wa Bukavu. Makofi yangu yalichelewa, Neema. Na kwaya nzima ikachelewa nami.

Bibi yako