Mgeni wa Gungu

Mama, shikamoo. Natumaini mguu umepoa.

Jumapili, kanisani hapa Kigoma, wageni tulisimamishwa tukaulizwa tumefikia wapi. Niliogopa kuwatajia nisiowajua mahali ninapolala peke yangu, nikasema mtaa wa Kasingirima, ilhali nimepanga nyumba ya wageni huku Gungu. Jumatano homa ikanilaza, nikakosa ibada ya nyumbani niliyoahidi kuhudhuria.

Alhamisi mchana mlango ukagongwa. Alikuwa Mama Neema wa kanisani, na chupa ya uji. Yeye na wenzake walikuwa wamezunguka nyumba za wageni zote za Kasingirima wakinitafuta, hadi bodaboda aliyenibeba Jumapili akawaelekeza.

Nilifungua mlango kidogo tu. "Onja kwanza wewe," nikamwambia.

Akacheka. "Mwanangu, nimetembea jua lote hili nije kukuua kwa uji?"

Akanywa kikombe kizima, kisha akanimiminia changu. Akaniombea, mlango ukiwa wazi kama nilivyotaka. Mimi nilikodoa macho, nikilinda mkoba wangu wenye faili za ofisi. Alipofika kukuombea na wewe, mama uliye mbali na mwanao, nikayafumba.

Dawa namaliza kesho. Ulale bila wasiwasi, Mama.

Mwanao, Elia