Kishonanguo Hakiruhusiwi Ncha ya Kusini

Mama, pole na baridi ya Limuru. Huku jangwani Garhoud hata kivuli kinachoma.

Hotelini ninapolinda kuna wageni wanaoenda Ncha ya Kusini. Leo walifundishwa kusafisha nguo, wasije wakapeleka mbegu ngeni kwenye barafu. Mwalimu wao aliazima koti nililokuja nalo kutoka nyumbani, akalipitishia mashine ya kufyonza vumbi. Zikatoka mbegu zilizonasa za kishonanguo cha shambani kwako.

"Moja tu ikiota kule, khalas, kwisha," akasema.

Wageni wakaniangalia kama niliyeua pengwini. Nikaomba nirudishiwe moja. Akakataa, zote zikachomwa.

Najua unaking'oa kila msimu ukikilaani. Mwaka huu acha shina moja langoni, linishike nguo nikirudi.

Mungu akutunze.
Mwanao, Njoroge