Ukomunisti Wangu Ulivyoishia Getini

Lodwar, Jumatano jioni. Upepo wa vumbi tangu asubuhi, hata chai ya ofisini ina mchanga.

Leo nimejificha chooni ili nisionane na baba yangu mdogo.

Jumamosi nilikuwa Kakuma kwenye mdahalo wa vijana, wakimbizi na wenyeji. Mada ilikuwa ukomunisti na ulichoifanyia dunia. Nilianza Urusi, nikapita China na Cuba, nikashuka kwa jirani zetu Tanzania na vijiji vyao vya ujamaa. Njaa na magereza niliyataja haraka haraka, nisije nikaharibu hotuba. Nikamaliza kwa kujigamba: sisi Waturkana tulikuwa wakomunisti kabla ya Warusi, maana kwetu mtu akiomba, anapewa. Makofi yakapigwa. Kijana mmoja Mkongomani akauliza, "Na weye ndugu, unagawanya nini?" Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Leo mchana Lokiru, bawabu wetu, alikuja dirishani. "Karani, mzee wako wa Lorugum ako kwa geti. Ako na msichana, mguu imefura."

Nilijua wamefuata nini. Dada alishanidokeza kwa simu. Kidonda cha mguuni cha Akiru, binti yake, kinataka kusafishwa hospitalini kila siku, na katika ukoo wetu ni mimi tu mwenye chumba mjini.

"Mwambie niko Kakuma."

"Kakuma gani, na mimi nakuona?"

"Mwambie tu."

Nimejitetea kwamba bosi hapendi jamaa zetu wajazane getini, na mkataba wangu unakaribia kwisha. Ni kweli, naogopa. Lakini bosi halali chumbani kwangu. Nakipenda kile chumba. Feni, godoro, mlango ninaoufunga mwenyewe.

Nilipotoka chooni, walikuwa wameshapanda pikapu kurudi kwao. Lokiru akanipa kibuyu cha maziwa ya mgando. "Mzee amesema ukitoka safari utakuwa na njaa." Kisha akauliza, "Kakuma kulikuwaje?"

Nimeyanywa yote, peke yangu, mlango nimeufunga.

Kesho nitaomba ruhusa. Nikinyimwa, nitapanda pikapu ya kwanza hivyo hivyo, nimlete Akiru, alale kwenye godoro, mimi nilale chini. Nimeandika hapa ili nione aibu kugeuza nia.

Bosi hanitishi sana usiku huu. Namwogopa baba mdogo, kwa sababu najua atanisalimu "Ejok" kama siku zote, na hataniuliza kitu.