Mila Niliyoitunga Mandewa

Calist, nipo kwenye kompyuta nakata sehemu ya pili ya filamu yetu, lakini kazi haiendi.

Tumetoka Iguguno kwa kina Severina. Posa yangu imekwama.

Unakumbuka kile kichekesho cha sehemu ya kwanza, wewe mshenga unaingia kinyumenyume na jogoo kwapani? Nilikitunga mwenyewe hapa Mandewa tukila chipsi.

Baba yake Severina kamzuia mjomba wangu mlangoni. "Mnaingia uso mbele kama mnaingia dukani? Jogoo yuko wapi?"

Nikasema, "Samahani mzee, mila hiyo ni ya wapi?"

"Ya kwetu! Inaimbwa kwenye harusi, hata redioni wameieleza. Nyie vijana wa mjini hamjui kitu."

Redioni, Calist. Wimbo wa harusi ulichukua kwenye filamu yetu, redio ikachukua kwenye wimbo.

Nilitaka kumwambia. Lakini wazee wenzake wote walikuwa wanaitikia, "Ndiyo kabisa." Ningemwaibisha nyumbani kwake. Nikaomba radhi, tukageuza.

Redioni!

Kesho tunarudi. Mjomba ameshapata jogoo.

Sasa nimefika kwenye kipande ambacho shangazi wa bibi harusi anakumwagia uji kichwani. Sijui nikitoe au nikiache. Nazima kompyuta, nitaamua kesho tukishatoka huko.