Mtungi wa Kufia

Jumanne, Julai 1976

Bado nina hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Mtoto wa Atupele, yule binti aliyetoka Mbalizi, alizaliwa alfajiri akiwa na midomo ya bluu. Daktari alisema mishipa ya mapafu imejibana kana kwamba bado yumo tumboni, na dawa ya kuilegeza hatuna. Tuna mtungi wa oksijeni tu. Nikamwekea mpira wake puani. Kufikia saa nne midomo ilianza kupata wekundu.

Nikaenda kuchemsha sindano. Kurudi, mpira uko sakafuni, bibi yake amempakata, na midomo imerudi kuwa ya bluu!

"Bibi, unamuua mtoto!" Nilifoka wodi nzima ikasikia.

"Sista," akasema polepole, "mume wangu mlimwekea mtungi huohuo asubuhi, mchana tukambeba maiti. Dada yangu naye hivyohivyo. Huyu bado analia. Kwa nini mnamwekea mtungi wa kufia?"

Nilirudisha mpira puani. Nilitaka kumwambia kuwa huo ni ujinga, lakini...

Mtungi ni mmoja, kwa hiyo tunaubania. Unakaa kwenye kona mpaka mtu aanze kukata roho, ndipo tunausukuma katikati ya vitanda, kila mtu akiona. Yule bibi hakuota jambo hili. Tumemfundisha sisi wenyewe.

Nilipotoka zamu mtoto alikuwa anapumua, kwa shida. Bibi alikuwa ameushikilia mpira usichomoke, kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshikishwa nyoka.

Mtoto huyu akifa, bibi atakuwa na ushahidi wa tatu.